Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kuandika Klasi ya Bafa ya Mkondo

Msimu wa karafuu unapoingia Pemba, hakuna mkulima anayepeleka kituoni karafuu moja moja. Huzichuma, huzichambua makonyo, huzianika kwenye majamvi, huzitia guniani, na gunia likishajaa ndipo linapotafutiwa gari. Programu inayosoma au kuandika herufi hufanya vivyo hivyo, na kwa sababu ile ile, kwamba safari ni ghali kuliko mzigo. Kila mara programu inapouomba mfumo endeshi uisomee au uiandikie kitu, kuna gharama isiyopungua hata kama kinachoombwa ni herufi moja tu, na ndiyo maana herufi hukusanywa kwanza mahali pa muda panapoitwa bafa. Katika lugha ya C++ mahali hapo pana klasi yake, yaani kiolezo cha kutengenezea vitu vya programu, iitwayo streambuf, ambayo wengi wetu tunaoandika programu hapa visiwani tunaitumia kila siku bila kuiona. Huonekana siku tunapotaka mkondo, yaani njia ambayo herufi hupitia kuingia au kutoka kwenye programu, uzungumze na kitu ambacho maktaba sanifu haikijui, na hapo hutubidi turithi klasi hiyo, yaani tuichukue kama msingi, na kuandika ya kwetu. Mimi iliniangukia nilipotakiwa kuunganisha mizani ya kielektroniki na kompyuta katika kituo kimoja cha kununulia karafuu Pemba, na mengi ninayoyaeleza hapa niliyajua nikiwa kazini, ilhali ningepaswa kuyajua kabla.

La kwanza la kulipima ni kama kazi iliyopo inahitaji bafa mpya hata kidogo. Maktaba ya mikondo ilianzishwa na Bjarne Stroustrup, ikasanifiwa upya na Jerry Schwarz katika miaka ya 1980, na kiwango cha kimataifa cha C++ cha mwaka 1998 kikaipa sura tunayoijua. Ndani yake kazi zimegawiwa pande mbili. Mkondo wenyewe hushughulikia umbo la maandishi: huigeuza namba kuwa herufi na herufi kuwa namba, hupanga desimali, huruka nafasi tupu, na huweka kumbukumbu ya hitilafu. Bafa haijui namba wala desimali, kwani kazi yake ni kuzitoa herufi zilipo na kuzifikisha zinapotakiwa. Kwa hiyo anayetaka uzito uandikwe kwa desimali mbili hana haja ya kugusa streambuf. Anayetaka herufi zitoke kwenye waya wa mizani, zibanwe kabla ya kuingia kwenye faili, au zinakiliwe mahali pawili kwa wakati mmoja, huyo amefika mahali pake. Nimeona vijana hodari wakipoteza siku nyingi kwa kuiweka kazi ya upande mmoja katika upande wa pili.

Akishahakikisha hilo, mwandishi achore kwenye karatasi, kabla ya kufungua kompyuta, mahali ambapo kila herufi itakuwa katika kila hatua. Bafa ina eneo la kusomea na eneo la kuandikia, na kila eneo linalindwa na vielekezi vitatu, yaani alama zinazoonyesha mahali katika kumbukumbu. Katika eneo la kusomea, kimoja huonyesha mwanzo, cha pili huonyesha herufi itakayosomwa sasa, na cha tatu huonyesha mwisho, yaani nafasi moja baada ya herufi ya mwisho. Tuchukue eneo la nafasi 8, na mizani imeleta 23.45kg pamoja na alama ya mstari mpya, ambazo ni herufi 8 kamili. Programu inaposoma namba ya desimali kutoka kwenye mkondo huo, kielekezi cha kati husogea hatua kwa hatua mpaka kisimame kwenye k, kwa kuwa k haiwezi kuwa sehemu ya namba. Kufikia hapo mizani haijaulizwa kitu, na kilichofanyika ni kusogeza kielekezi ndani ya kumbukumbu tu. Herufi tatu zilizobaki nazo zikishasomwa, kielekezi cha kati hukutana na cha mwisho, na hapo ndipo kitendakazi, yaani kipande cha programu chenye kazi yake maalumu, kiitwacho underflow kinapoitwa kwenda kuleta mzigo mwingine. Mtu akiliona hili kwa macho yake kwenye karatasi, nusu ya kazi imekwisha.

Kitendakazi hicho ndicho kinachohitaji uangalifu mkubwa kuliko vyote upande wa kusoma. Kikiitwa, kinatakiwa kilijaze eneo, kivipange upya vielekezi vitatu, kisha kirudishe herufi ya kwanza bila kuivuka. Kuna ndugu yake, uflow, ambaye hurudisha herufi na kuivuka, na uflow wa asili huutumia underflow wako, kwa hiyo aliye na bafa ya kawaida aandike underflow peke yake na amwache ndugu yake alivyo. Thamani inayorudishwa si herufi, bali ni namba kamili, kwa sababu ni lazima ibaki thamani moja isiyo herufi yoyote, ya kusema kwamba mkondo umekwisha. Thamani hiyo kwa kawaida ni -1. Katika kompyuta nyingi tunazotumia, aina ya char, ambayo C++ huhifadhia herufi, hubeba alama ya hasi, hivyo baiti (kipande kidogo cha data chenye thamani ya 0 hadi 255) yenye thamani 255 ikirudishwa ovyo hugeuka kuwa -1, na mkondo huamini kwamba umefika mwisho. Mizani yetu, kila ilipowashwa, ilitanguliza baiti hiyo hiyo kabla ya maandishi, na programu yangu ikawa inafunga kabla haijasoma hata uzito mmoja. Dawa yake ni mstari mmoja: kuipitisha herufi katika to_int_type, kitendakazi cha maktaba kinachoigeuza kuwa namba kamili isiyochanganyika na alama ya mwisho, kabla ya kuirudisha. Mstari huo uandikwe tangu siku ya kwanza, hata kama mtu ana yakini kwamba chanzo chake hakitoi isipokuwa tarakimu.

Linalokaribiana na hilo ni kuamua mapema nini kitahesabiwa kuwa mwisho. Faili ina mwisho, lakini waya wa mizani hauna. Mizani hunyamaza mpishi wa chai anapopita na watu wakapumzika, kisha huendelea. Mfumo endeshi unapoulizwa wakati wa ukimya huo, na muda wa kusubiri uliowekwa ukapita, unaweza kurudisha jibu la baiti sifuri, ambalo kwa faili lingekuwa na maana ya kwamba hakuna tena. Nililichukua jibu hilo kuwa ni mwisho. Asubuhi moja karani alinipigia simu akaniambia, "Maalim, mashine inasema kazi imekwisha, na watu bado wako foleni na magunia yao." Alikuwa na haki ya kulalamika, kwani mkondo ukishaambiwa umekwisha hubaki katika hali hiyo, na kila ombi linalofuata hushindwa mpaka hali hiyo ifutwe kwa makusudi. Basi kabla ya kuandika underflow, mwandishi aandike kwa maneno ya kawaida majibu ya maswali haya: ukimya ni nini katika chanzo changu, kukatika ni nini, na kipi kati ya hivyo kitarudisha alama ya mwisho? Kwa mizani, niliamua kwamba ukimya ni kusubiri tena, na waya kung'oka ndio mwisho.

Wapo wasomaji wa maandishi, yaani sehemu za programu zinazosoma kutoka kwenye bafa, ambao hupenda kuirudisha herufi moja nyuma baada ya kuitazama. Mwenye kutaka kuwaruhusu aache nafasi chache mwanzoni mwa eneo, na kila anapojaza upya anakili humo herufi za mwisho za mzigo uliopita.

Upande wa kuandika, kitendakazi cha kujiandaa nacho ni overflow, kinachoitwa eneo likijaa. Hupewa herufi ambayo bado haimo ndani ya bafa, na hapa ndipo wanaoanza wanapoipoteza herufi moja kila bafa inapojaa: wanazitoa zilizomo, wanaisahau iliyo mkononi. Njia ninayoipendelea ni kukitangaza kielekezi cha mwisho nafasi moja kabla ya mwisho halisi, ili ile iliyo mkononi ipate pa kukaa kabla zote hazijatolewa kwa pamoja. Wakati mwingine overflow huitwa na alama ya mwisho badala ya herufi, na maana yake ni kwamba yatolewe yaliyomo bila kuongezwa kitu. Alama hiyo isiandikwe kama herufi, na jibu la kufaulu lisifanane nayo, kwa sababu overflow ikirudisha alama ya mwisho mkondo huelewa kwamba uandishi umeshindwa. Aidha, kifaa au mfumo endeshi unaweza kupokea baiti 300 kati ya 512 ulizopewa, na zile 212 zilizosalia ni dhamana ya bafa. Zirudiwe kutumwa, zisifutwe.

Sasa nalifikia jambo linalonigusa zaidi kuliko yote, nalo ni lini herufi zinatoka kweli. Sisi wa visiwani tunaujua umeme unaokatika bila taarifa, na wengi wanakumbuka Unguja ilipokaa bila umeme wa gridi kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010. Herufi iliyomo ndani ya bafa imo katika kumbukumbu ya programu, na umeme ukikatika imekwenda. Kitendakazi cha sync ndicho kinachotoa yaliyomo pale mkondo unapoagizwa kumwaga, na kisipoandikwa, kile cha asili hakifanyi lolote na hurudisha jibu la kufaulu, jambo ambalo ni hatari kwa sababu hakuna anayejulishwa. Tena, kumwaga huko huzifikisha herufi kwa mfumo endeshi tu, nao una hifadhi yake ya muda kabla ya kuandika kwenye diski. Kwa rekodi ya uzito ambayo mkulima atalipwa kwayo, hilo halitoshi, na inabidi kuuomba mfumo endeshi waziwazi uandike kwenye diski, kisha ndipo stakabadhi ichapishwe. Utaratibu huo ni wa polepole, nami nauona ni wa haki, kwa sababu mtu aliyepanda mkarafuu alfajiri hastahili kuambiwa jioni kwamba gunia lake halimo kwenye daftari.

Kuna pia mauti ya kawaida ya kitu, yaani pale bafa inapobomolewa programu ikiwa salama kabisa. Klasi ya asili haitakumwagia yaliyomo inapobomolewa, na hata ingejaribu isingeweza kuifikia sync ya kwako, kwa kuwa wakati huo sehemu yako imeshaondoka. Mkondo wa kuandika nao, ukibomolewa, hauigusi bafa yake. Kwa hiyo kumwaga kuandikwe ndani ya kibomoaji cha klasi yako mwenyewe, yaani kitendakazi kinachoitwa kitu kinapobomolewa, na juu ya hayo pawe na kitendakazi cha kufunga kinachoweza kurudisha habari ya kushindwa, kwa sababu kibomoaji hakina njia salama ya kulalamika.

Kwa upande mwingine, anayeogopa kupoteza asikimbilie kumaliza kila mstari kwa endl bila kufikiri, kwani endl huandika mstari mpya na kumwaga papo hapo, na faili la mistari laki moja litafanyiwa safari laki moja. Amwage pale rekodi inapokamilika, na kwengineko atumie alama ya mstari mpya peke yake. Akumbuke vilevile kwamba cin, mkondo wa kusomea kutoka kwa mtumiaji, imefungamana na cout, mkondo wa kuandikia kwenye skrini, hivyo kuomba kusoma humwaga kilichosubiri kuandikwa, na ndiyo sababu swali huonekana kwenye skrini kabla ya jibu kusubiriwa.

Wengi huandika bafa ili waipachike kwenye cout kwa kutumia rdbuf, kitendakazi cha kubadilisha bafa ya mkondo, mathalani kunasa matokeo wakati wa majaribio. Kabla ya kupachika, bafa ya mwanzo ihifadhiwe, na irejeshwe kabla ile mpya haijabomolewa, hata kama katikati pametokea hitilafu. Cout humwagwa programu inapomalizika, na ikikuta inaelekeza kwenye bafa isiyokuwepo, programu inaweza kuanguka katika hatua yake ya mwisho kabisa.

Suala la lugha nalo lisiachwe nyuma. Streambuf ya kawaida huhesabu baiti, na katika UTF-8, mfumo wa kuziandika herufi kwa baiti, herufi moja ya Kiarabu huchukua baiti mbili. Kiswahili chetu kimeandikwa kwa hati hizo kwa karne nyingi, na anayeandika programu ya kusoma nakala za tenzi au barua za zamani atakutana nalo mara moja: bafa ya nafasi 1,024 inaweza kuishia katikati ya herufi, nusu ikawa imeingia na nusu ikabaki kwenye faili. Kuzihamisha baiti kama zilivyo hakuna madhara. Madhara huja pale klasi inapozibadilisha au kuzihesabu ndani ya underflow, na hapo ni lazima nusu iliyobaki iwekwe kando na kutangulizwa katika mzigo unaofuata.

Anayekusudia kusoma na kuandika faili moja kwa bafa ya faili ya maktaba ajue kwamba nafasi ya kusoma na ya kuandika ni moja, na asipite kutoka kusoma kwenda kuandika bila kutafuta nafasi upya katikati. Na kama nyuzi mbili za programu, yaani kazi mbili zinazoendeshwa kwa pamoja ndani yake, zitagusa bafa moja, aweke kufuli lake mwenyewe la kuziruhusu kwa zamu, kwa kuwa streambuf haina.

Mwisho, vipimo vitayarishwe kabla ya klasi yenyewe. Ukubwa wa bafa uwe ni kigezo kinachobadilishwa, na kila jaribio liendeshwe kwa ukubwa wa 1, wa 3, kisha wa maelfu. Chanzo cha majaribio kilete wakati mwingine baiti moja, wakati mwingine kadhaa, kinyamaze, kilete baiti 255, na kikatike katikati ya mstari. Mahali pa kuandikia pakubali nusu ya mzigo na pakatae nusu. Klasi yangu ya mizani ilipita kwa bafa ya 512, ikaanguka kwa bafa ya 1, na kosa lilikuwa ile herufi iliyo mkononi mwa overflow, tarakimu ya mwisho ya uzito wa mtu.