Kulinganisha i5-5300U na i5-6300U kabla ya kununua laptopu iliyotumika

Hapa Tanga, swali la wanaotafuta laptopu iliyotumika ni lilelile: nichukue ya kizazi cha 5 au cha 6? Juzi nimemsaidia mwalimu mmoja wa Makorora kuchagua kati ya hizo, mashine mbili za ofisi zilizotoka nje, moja ina prosesa ya Intel i5-5300U (kizazi cha 5) na nyingine i5-6300U (kizazi cha 6). Muuzaji alitaka nyongeza ya maana kwa hiyo ya pili, kisa namba ni kubwa. Naandika hatua tulizopita, kwa sababu prosesa hizi mbili zinakaribiana mno, na linaloamua huwa ni hali ya mashine iliyo mbele yako.

Hatua ya 1: Thibitisha kilichomo ndani

Stika ya nje isikushughulishe. Bonyeza Windows na R, andika msinfo32, soma mstari wa prosesa. Kwenye Linux, mfumo mbadala wa Windows, amri ni lscpu. Hakikisha namba inaishia na U, ambayo kwa kawaida ni prosesa ya wati 15. Ikiwa na Y, hiyo ni ya umeme mdogo zaidi na ni mnyonge kwa kazi ndefu. Usiilinganishe na hizi.

Hatua ya 2: Soma karatasi ya sifa, lakini usikae hapo

i5-5300U ni ya familia ya Broadwell, ilitoka mwanzoni mwa 2015. Ina kori 2 (viini vya kufanyia kazi) na thredi 4 (mikondo ya kazi kwa wakati mmoja), kasi ya msingi 2.3 GHz, na ikijikaza hufika 2.9 GHz. i5-6300U ni Skylake, ilitoka mwaka huohuo wa 2015 baadaye. Kori 2, thredi 4, msingi 2.4 GHz, juu 3.0 GHz. Zote zina keshi (kumbukumbu ndogo ya ndani ya prosesa) ya MB 3, zote zimetengenezwa kwa teknolojia ya nanomita 14, zote wati 15. Tofauti ya kasi haifiki asilimia 5. Kwa Word, Excel na brauza, huwezi kuihisi kwa mkono.

Tofauti za kweli ziko kwingine. Skylake inakubali RAM ya DDR4, Broadwell inaishia DDR3L, aina ya zamani zaidi. Ukomo wa RAM ni GB 32 kwa 16. Skylake pia inafungua video za HEVC (mtindo mmojawapo wa kubana video) za biti 8 kwa maunzi yake yenyewe, kwa hiyo filamu za mtindo huo haziichoshi. Na ina kitu kinaitwa Speed Shift, ambapo prosesa yenyewe hupandisha kasi bila kungoja amri ya Windows. Hicho ndicho kinachoifanya ionekane nyepesi unapofungua programu, hata kama vipimo vinalingana.

Ukiahidiwa kwamba ya kizazi cha 6 "inapokea Windows 11", kataa hoja hiyo. Orodha ya Microsoft kwa upande wa Intel inaanza kizazi cha 8, isipokuwa prosesa chache mno za kabla yake, na hii haimo. Na Windows 10 iliacha kupata huduma ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Mimi zote mbili ningeziwekea Linux Mint ya XFCE, toleo lake jepesi, bila kusita.

Hatua ya 3: Ziweke sawa

Meza moja, chumba kimoja, saa moja. Ukipima moja asubuhi na nyingine saa nane mchana wakati wa kaskazi, umepima hali ya hewa ya Tanga, hukupima prosesa. Usiziweke juu ya kitanda. Zote ziwe na SSD, maana ukilinganisha yenye SSD na yenye hadidiski ya kuzunguka, prosesa haitaonekana kabisa kwenye matokeo.

Fungua kifuniko cha chini kama muuzaji anaruhusu, utazame kati ya feni na mapezi ya shaba. Mashine za ofisi hukaa miaka bila kusafishwa, na vumbi hujishikiza pale kama kipande cha blanketi. Litoe kwa brashi laini huku umeishika feni kwa kidole isizunguke.

Hatua ya 4: Chaja na mipangilio ya umeme

Hapa ndipo watu wanapoteza siku nzima, na hapa ndipo mashine nzuri zinapoitwa mbovu. Nenda taratibu.

Laptopu nyingi za ofisi, hasa za HP na Dell za miaka hiyo, huwa na pini nyembamba katikati ya kichwa cha chaja. Kwa pini hiyo laptopu inaitambua chaja na uwezo wake. Chaja ya bei rahisi isiyo na mawasiliano hayo, au ya asili ambayo pini imepinda, inaweza kuwasha mashine vizuri kabisa, taa ikawaka, kila kitu kikaonekana sawa. Lakini mashine isipoitambua chaja, hujilinda kwa kuishusha prosesa hadi kasi ya chini kabisa. Fungua Task Manager, nenda kwenye Performance, uangalie kasi huku kazi ikiendelea. Ikiwa imeganda karibu na 0.8 GHz na haipandi hata ukifungua kurasa kumi, prosesa haina kosa.

Njia ya haraka ya kuthibitisha: chomoa chaja. Ikiwa kasi inaruka juu mara tu inapobaki na betri, mchawi ni chaja. Jaribu nyingine unayoiamini, yenye wati zinazotakiwa. Mashine ya wati 65 ukiipa chaja ya 45 inaweza kukuletea dalili hizohizo kwa upole zaidi. Angalizo: betri iliyokufa kabisa itakunyima jaribio hili, maana mashine itazima. Azima betri au chaja kwa fundi jirani, ni bora kuliko kubahatisha.

Kuna vijana watakuonyesha programu ya ThrottleStop, waondoe tiki kwenye BD PROCHOT (kinga inayoishusha prosesa ikipewa ishara na sehemu nyingine ya mashine), na mashine ifufuke papo hapo. Kwa kutambua tatizo inafaa sana. Kuiacha hivyo siafiki hata kidogo, kwa sababu umeondoa kinga na bado chaja haijulikani inabeba wati ngapi. Nunua chaja sahihi.

Mashine ikiwa hata kwa betri inabaki chini, usikimbilie kubadilisha ubao mama. Ingia kwenye mipangilio ya umeme ya Windows, sehemu ya mipangilio ya kina (advanced), tafuta Maximum processor state. Ikiwa imewekwa 99% badala ya 100%, prosesa haitavuka kasi ya msingi. Mmiliki wa kwanza huenda aliweka hivyo kupunguza joto. i5-6300U iliyofungwa 2.4 GHz itashindwa na i5-5300U iliyo huru, na mnunuzi ataondoka akiamini kizazi cha 6 ni jina tu. Kwa mashine ya yule mwalimu ilikuwa hivyo hasa: 99% kwenye ile ghali, chaja isiyotambulika kwenye ile rahisi. Kabla ya kurekebisha, vipimo vyote viwili havikuwa na maana.

Tazama pia kama kitelezi cha umeme kiko kwenye kuokoa betri. Na mashine ikitoka kwenye begi lililoachwa juani, iache ipoe kwanza.

Hatua ya 5: Pima kwa 7-Zip

Sitaki programu za vipimo za gigabaiti nyingi. 7-Zip, programu ya kubana na kufungua mafaili, ni ndogo, haili bando, na inafanya kazi Windows na Linux. Kwenye Windows fungua Tools, kisha Benchmark, weka thredi 4, iache izunguke robo saa.

Kwa nini robo saa? Prosesa za U huruhusiwa kuvuta zaidi ya wati 15 kwa muda mfupi mwanzoni, mara nyingi kama nusu dakika, kisha hurudi kwenye 15. Kipimo kifupi kinakuonyesha mbio hizo za mwanzo tu. Andika matokeo ya mzunguko wa kwanza na wa mwisho. Pengo kubwa ni dalili ya joto: feni imechoka au pesti ya prosesa (ile ya kupitisha joto) imekauka. Fuatilia joto kwa programu ya HWiNFO, au amri ya sensors kwenye Linux. i5-5300U imepewa ukomo wa nyuzi 105, i5-6300U nyuzi 100, kwa hiyo usiilaumu ya kwanza ikionekana moto zaidi kidogo. Ilaumu mashine ambayo joto limegota juu na wati zimeshuka chini ya 15.

Alama ya kubana inategemea sana RAM, ya kufungua inategemea zaidi prosesa. Mashine ikidorora kwenye kubana peke yake, huenda ina kijiti kimoja tu cha RAM.

Hatua ya 6: RAM, halafu bei

i5-6300U si lazima iwe na DDR4. Zipo zilizotengenezwa na DDR3L, ThinkPad T460 ni mojawapo, wakati EliteBook 840 G3 ina DDR4. Kama ni DDR3L, sababu moja kubwa ya kulipa zaidi imeondoka.

Kwa i5-5300U, kijiti lazima kiandikwe PC3L, cha volti 1.35. PC3 bila L ni cha volti 1.5, kinaingia kwenye tundu vizuri tu lakini mashine haiwaki. Vijiti vya aina hiyo viko vingi kwenye mabakuli ya mafundi wa Ngamiani, soma lebo kabla ya kutoa hela.

Bei zikikaribiana, chukua i5-6300U yenye DDR4. Tofauti ikitosha kununua SSD na kijiti cha pili cha RAM, chukua i5-5300U, uvinunue siku hiyohiyo. Mwalimu alichukua ya 5300U, na pesa iliyobaki ikaenda kwenye chaja yenye pini nzima na GB 8 za PC3L.