Kabla hajakuuliza "nifanyeje?", akuandikie uamuzi wake

Kama unaongoza timu ambayo kila mtu anafanya kazi kwake, na kuna mmoja unayemwandaa kuwa kiongozi, mwombe jambo moja: kabla hajakupigia kuomba ushauri, akutumie mistari 3. Ningeamua nini, kwa sababu gani, kitu gani kingenifanya nibadili mawazo. Mfano: "Ningempunguzia mteja asilimia 5, kwa sababu kuchelewa kumetokana na sisi. Ningebadili mawazo kama mkataba umeshataja fidia." Mstari wa 3 ndio wa kusoma kwa makini, maana ndio unaoonyesha kama ameiona hatari au amebahatisha. Mkikaa ofisi moja ungemsikia akijadiliana na wenzake. Kwa mbali unaona matokeo tu, na mtu humlei kwa kutazama matokeo yake. Unapojibu, gusa sababu zake kwanza. Uamuzi ukiwa unavumilika, hata kama wewe ungefanya vingine, mwachie autekeleze. Hapa ndipo viongozi wengi wanapoharibu: ukipindua uamuzi wake kila mara, ataanza kukuandikia anachodhani unataka kusikia, na mistari hiyo haitakuwa na kazi tena. Njia hii haifai kwenye dharura, mfano mfumo umezima na wateja wanasubiri. Haifai pia kwa mgeni wa wiki ya kwanza. Huyo mwambie kwanza mambo gani anaruhusiwa kuamua bila kukuuliza. Suala la nidhamu ya mtu, lizungumzeni kwa simu.