Ukionywa na Ndugu Kanisani, Fanya Hivi

Kazi ya kwanza ni kunyamaza. Mimi ni mama wa kwaya katika usharika wa Kimoraviani hapa Tabora, na wengi nimewaona wakikwama hapohapo. Ndugu hajamaliza kusema, umeshamrudishia: "Na wewe je?" Ukishafika hapo, alichokuja nacho hukisikii tena. Meza mate, mwache amalize.

Kisha uliza ni lini na ni wapi. Usiulize nani kamtuma, maana hapo umeanza kutafuta adui.

Mweka hazina wetu alikuwa akipokea michango ya vitenge vya sare. Siku moja baada ya mazoezi, binti wa sauti ya pili, mdogo kuliko mtoto wake wa kwanza, akamfuata chini ya mwembe. "Shikamoo mama. Samahani, naona michango unaiandika ukishafika nyumbani, kwa kukumbuka. Mimi nililipa na jina langu halipo." Uso wa mama ulibadilika, nilimwona. Lakini alitoa daftari kwenye mkoba, akaliweka gotini. "Marahaba mwanangu. Hebu nionyeshe." Wakapitia mstari kwa mstari, kidole cha binti kikishuka taratibu kwenye karatasi. Kweli, jina halikuwepo. Jumapili iliyofuata mama akawa anaandika palepale mbele ya mtoaji, na aliyekaa naye kuhesabu ni binti yuleyule.

Umri na cheo ndivyo vinavyotuponza zaidi, hasa sisi wazee wa kanisa na walimu. Apolo alikuwa msemaji hodari, mtu wa Aleksandria aliyeyajua Maandiko, lakini alikubali kufundishwa zaidi na Prisila na Akila, mafundi wa kushona mahema (Matendo 18). Nao walimchukua kwao, hawakumsimamisha katikati ya sinagogi. Mfalme Asa yeye alipoonywa na Hanani mwonaji alikasirika, akamtia gerezani (2 Nyakati 16).

Na ukionywa vibaya, mbele za watu? Inauma, sikufichi. Kule Antiokia Paulo alimkabili Petro mbele ya wote. Ila fungua 2 Petro 3:15 uone Petro anavyomtaja Paulo: "ndugu yetu mpenzi". Mstari huo naupenda kuliko mahubiri mengi niliyosikia. Kwa hiyo namna ulivyoambiwa iweke kando kwanza, ushughulike na neno lenyewe. Hata huku kwetu, onyo jingi huja kwa njia ya utani. Mtani akikuambia kwamba ukiombewa unalia lakini madeni ya watu hulipi, cheka naye, halafu nenda kalipe.

Ukifika nyumbani, usimpigie shoga yako simu kumsimulia. Omba kwa Zaburi 139, pale mwishoni: "Ee Mungu, unichunguze". Kisha pima neno hilo kwa Maandiko, kama watu wa Beroya walivyopima hata mafundisho ya Paulo, na umuulize mtu mmoja anayekujua vizuri na asiyeogopa kukuudhi. Likiwa si kweli, rudi ukaseme kwa upole kwamba umelichunguza na hukuliona.

Lakini kukubali kuonywa si kukubali kila neno. Mama anayepigwa na mumewe akiambiwa anyamaze "kwa unyenyekevu", huko ni kumwonea. Mama huyo aende kwa mchungaji anayemwamini, na aende pia polisi, kwenye Dawati la Jinsia na Watoto.

Ukiona onyo lilikuwa la haki, rudi kwa aliyekuonya kabla ya Meza ya Bwana inayofuata. Usimwambie umemsamehe, maana hakukukosea. Mwambie umebadili nini, umshukuru, kisha umwombe aendelee kukuangalia na akiliona tena asisite kukuambia.