Kupanga daraja la bango la zamani kabla ya kuliuza

Juzi rafiki yangu aliniletea mabango 12 ya sinema. Kila moja alikuwa ameliandikia "hali nzuri sana". Tukaanza upya.

1. Nawa mikono, ikauke, litandaze mezani. Glavu za pamba sizipendi, hunasa kwenye michaniko.

2. Pima. Bango la kawaida la sinema la Marekani, kabla ya katikati ya miaka ya 1980, ni inchi 27 kwa 41. Likipungua, huenda kingo zilikatwa. Andika.

3. Washa tochi ukiilaza karibu na karatasi. Mikunjo yote itajitokeza. Mabango mengi ya enzi hizo yalipelekwa kwenye majumba ya sinema yakiwa yamekunjwa, kwa hiyo mkunjo wa asili hauogopeshi. Kinachoshusha daraja ni karatasi kutoboka pale mikunjo inapokutana. Hesabu matundu ya pini, tazama madoa ya selotepu. Nyekundu na njano zikipauka huku buluu ikibaki, lilipigwa na jua.

4. Ukarabati. Niliwahi kuuza kwa daraja A bango lililobandikwa kwenye kitambaa, likarudishwa: pembe nzima ilikuwa imepakwa rangi upya. Usiku mzima nililikagua nisione kitu, kwa sababu nilitumia taa ya kawaida. Bango lisilo na kitambaa linyanyue mbele ya dirisha, viraka huonekana kama vivuli. Lenye kitambaa halipitishi mwanga vizuri, kwa hiyo tumia taa ya urujuanimno, ile ya kukagulia noti bandia, katika giza totoro. Rangi iliyoongezwa mara nyingi huonekana kama baka jeusi. Karatasi ya kabla ya miaka ya 1950 haipaswi kung'aa kibuluu. Kipande kinachong'aa ni kigeni. Ila gundi nayo hung'aa, na fundi mjanja huziba kwa karatasi ya zamani isiyong'aa. Ndiyo maana namalizia kwa lenzi inayokuza mara 10: wino wa ofseti, yaani wa mashine ya kuchapa, una vitone, rangi ya brashi haina.

Kitambaa chenyewe si dosari, mradi gundi ni ya wanga, inayobanduka kwa maji. Lililogandishwa kwenye ubao kwa joto mimi siliweki juu ya daraja C.

5. Orodhesha dosari kwanza, ndipo uweke herufi, A hadi D. Ukisita kati ya A- na B+, andika B+. Piga picha mbele na mgongoni.

Katika yale 12, A zilikuwa mbili.