Sufu ya rangi: namna ya kuichana, kuichanganya na kuisokota ndio uzi usikatike

Kila nikikaa na kina dada wanaojifunza kusokota, malalamiko ni yale yale. Sufu nyeupe wanaisokota vizuri wiki mbili tatu, alafu siku wanashika ile ya rangi uzi unaanza kukatika katika, hapa mnene kama kidole pale mwembamba kama unywele, na mtu anaanza kulaumu mikono yake. Mikono haina shida. Sufu ikishapita kwenye sufuria ya rangi inabadilika. Kila unywele wa sufu una magamba madogo ambayo hauyaoni kwa macho, na yakipata maji moto, sabuni na kusukumwa sukumwa yanashikana, kwa hiyo hata kama sufu haijagandana kuwa kama blanketi inakuwa imekazana tu, zile nywele haziteleziani venye zilikuwa zinateleza, na tena yale mafuta ya kondoo yameisha. Ukiichukua ivyo ivyo ukaipeleka kwenye pia, kile kijifimbo chenye duara cha kusokotea, utapigana nayo mchana kutwa. Ndio maana nawaambia uzi wa rangi unatengenezwa kwenye brashi za kuchania, zile mbao mbili zenye meno ya waya, kwenye pia unamalizia tu.

Ila tuanze na kondoo mwenyewe, juu hapa ndio pesa za watu zinapotea. Dorper na yule kondoo mwekundu wa Kimaasai wana nywele, hawana sufu ya kusokota, ata ukiletewa gunia zima bure usibebe. Wa kutafuta ni Merino, Corriedale, Romney ama Hampshire Down, na hawa wako huku Kenya juu kwenye baridi, Nyandarua, Molo, Mau Narok, Laikipia. Kwa anayeanza mimi nasema Corriedale na sibadilishi. Ni mchanganyiko wa Merino na Lincoln uliozalishwa New Zealand na Australia, unene wa unywele wake ni kama maikroni 25 hadi 31 (maikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita), mrefu wa kutosha kushikika vizuri mkononi, na unavumilia makosa. Merino ni laini kushinda huyo lakini inagandana haraka sana kwa maji moto, iache mpaka mkono uzoee. Hampshire Down ni fupi na inafura kama sifongo, kwa soksi ni nzuri sana. Ukinunua sufu chafu piga hesabu mapema kwamba uchafu na mafuta vikitoka uzito unashuka sana, Merino inaweza kubaki nusu tu, na ile ya tumboni na ya mkiani iliyoshika kinyesi tupa usihurumie.

Kuosha sitakaa sana. Maji ya digrii 60 hivi, sabuni ya maji ya vyombo, zamisha sufu polepole na uiache dakika 20 bila kuisugua, itoe kabla maji hayajapoa maana mafuta yakipoa yanarudi kuganda kwenye sufu. Rudia mara mbili tatu kisha suuza kwa maji ya joto lile lile. Usiitoe kwa maji moto ukaitupa kwa baridi ghafla.

Rangi sasa. Maganda ya kitunguu ndio mwalimu mzuri, hayana gharama, mama mboga atakupa mfuko mzima. Kwa gramu 100 za sufu kavu pima shabu (alum, ile inayoshikisha rangi) gramu 10 hadi 15, iyeyushe kwa maji moto, weka sufu iliyolowa, pandisha moto taratibu na uiweke humo saa moja bila kuchemka. Kwa sufuria nyingine chemsha maganda yenye uzito sawa na sufu, chuja, alafu ingiza ile sufu ya shabu na upandishe moto tena polepole kwa saa moja. Utapata kati ya njano na rangi ya machungwa, inategemea kitunguu. Majani ya mkaratusi yanatoa rangi ya kutu bila hata shabu. Kuna watu wanatia misumari ya kutu ndio rangi iingie giza, kweli inaingia, lakini chuma kikizidi kinafanya sufu kuwa kavu na ya kukatika, kwa hiyo kiwe kidogo sana. Kama unatumia zile rangi za unga za sufu, zinataka siki na moto wa karibu na kuchemka lakini usifike kutokota. Kutokota ndio kunagandisha. Alafu zima moto, acha sufu ipoe ndani ya sufuria mpaka asubuhi, hii hatua wengi wanairuka na ndio ile inayookoa ulaini. Na hiyo sufuria isirudi jikoni kupika.

Kitu kingine kabla sijasahau, rangi za siki zinashika sufu, hariri na naironi. Pamba hazishiki, katani hazishiki, akriliki pia hazishiki. Kwa hiyo kama unataka mchanganyiko wenye pamba, kila kimoja kitiwe rangi yake kivyake ndio baadaye mchanganye.

Ikikauka kabisa, na nasema kabisa, sio ile ya kukauka nje ndani bado, chukua kishungi kimoja kimoja, shika ncha zote mbili na uvute pembeni kidogo kidogo mpaka kifunguke kama wingu. Sehemu yenye rangi nyingi ndio huwa imekazana zaidi. Kama kuna kipande kimekuwa kama kitambaa na hakifunguki kwa vidole, weka kando kiwe cha kujazia mito, usikilazimishe kwenye brashi maana kitakuachia vifundo vidogo ambavyo utaviona kwenye sweta miaka yote. Mwanzoni kabisa niliharibu sufu nzuri ya zambarau kwa kuharakisha hapa, nikachana kwa nguvu nikiwa na haraka ya kusokota, nikapata vifundo uzi mzima na hakuna namna ya kuvitoa tena. Jaribu pia rangi kama inatoka, bana kishungi ndani ya kitambaa cheupe chenye maji ya uvuguvugu, kitambaa kikishika rangi suuza tena kabla ya kuendelea.

Kuchanganya ndio penyewe, na ndio sababu mimi napenda sufu ya rangi kuliko nyeupe. Pima kwa mizani ya jikoni, usipime kwa macho, maana hariri gramu 20 inaonekana kidogo na sufu gramu 20 inaonekana mlima. Anza na sampuli ya gramu 10. Weka safu nyembamba ya rangi ya kwanza kwenye brashi moja, juu yake nyembamba ya pili, chana kwa mkono mwepesi meno yasigusane, brashi zipitane tu juu juu, hamisha kutoka brashi moja kwenda nyingine, rudia. Ukipitisha mara mbili rangi zinabaki zikionekana kila moja na uzi unachangamka, ukipitisha mara tano sita zinaungana kuwa rangi moja. Buluu na njano zikichanwa vizuri ukiwa mbali unaona kijani, ukisogea karibu unaona zote mbili zimo, na hicho kijani hakuna dukani. Nyekundu na kijani zikichanwa sana zinakuwa tope, kwa hiyo hizo mbili zichane kidogo ama uzitenganishe na nyeupe. Nyeusi tia kama chumvi, kidogo tu inazima kila kitu.

Kwa upande wa nyuzi zenyewe, yaani zile nywele za sufu, hariri na nyingine kabla ya kusokotwa, sheria yangu kubwa ni urefu. Nyuzi zinazofanana urefu zinakubaliana, ukichanganya ndefu na fupi sana ile ndefu inatoka yote kwanza ukivuta na fupi inabaki mkononi kama mavumbi. Hariri ndefu ikate kwa mkasi ifikie urefu wa sufu yako. Kwa kila gramu 100, hariri 20 kwa sufu 80 inatoa mng'ao mzuri na rangi inaonekana kama imepakwa mafuta. Manyoya ya sungura wa angora yana joto sana na yanateleza, usipite 30 kwa 70, ukizidisha uzi unamwaga manyoya kwenye nguo. Soksi tia naironi kama asilimia 15 hadi 25 ndio kisigino kisitoboke. Pamba ni fupi sana, sentimita 2 na nusu hadi 3 hivi, tia kidogo ya kurembesha tu. Na akriliki iliyofumuliwa kutoka sweta kuukuu watu wanapenda kuichanganya juu ni ya bure, mimi siipendi, inanyonya ule uhai wa sufu, lakini kwa mazoezi ya mkono itumie.

Ukimaliza kuchana toa hiyo sufu kwenye brashi na uikunje kuanzia upande mmoja kama unavyokunja chapati, iwe mrija mwepesi wenye hewa ndani. Tengeneza mirija yote ya mradi wako kwanza, alafu ichanganye kwenye kikapu ndio tofauti za rangi zisambae kwa uzi wote. Usichane mrija mmoja ukasokota ukarudi kuchana.

Pia ya kusokotea ni kitu rahisi. Fimbo nyembamba ya sentimita 30 unene wa penseli, duara la mbao ama sidii mbili zilizobanwa kwa mpira, na kijikulabu cha skurubu juu, vyote visizidi gramu 50. Huko pwani watu wa kale walikuwa wanachukua kigae cha chungu kilichovunjika wanakichonga mviringo wanatoboa katikati, vimechimbuliwa vingi Kilwa, wao walikuwa wakisokota pamba, lakini kazi ni ile ile kabisa na mimi nikishika yangu huwa nawakumbuka.

Funga uzi wa kuanzia wa nusu meta, pitisha kwenye kulabu, tandaza ncha yake juu ya sufu kidogo ishikane. Zungusha pia kuelekea kulia mpaka uzi ujae msokoto, kisha ibane katikati ya magoti isirudi. Sasa mkono wa chini unabana uzi, mkono wa juu unashika mrija kama umeshika kifaranga, unavuta polepole nyuzi zinyooke, ndio mkono wa chini unaachia unapanda na msokoto unapanda nao. Bana, vuta, achia. Umbali kati ya mikono uwe mrefu kidogo kupita unywele wenyewe, ukiwa mfupi unakuwa umeshika unywele ule ule pande zote mbili na hautavutika ata ukifungia ng'ombe. Baada ya siku kadhaa hautahitaji magoti, utaiachia ining'inie izunguke yenyewe.

Uzi ukikatika na ncha ikatoka laini kama manyoya, msokoto ulikuwa mdogo, zungusha zaidi kabla ya kuvuta. Ukijikunjakunja kama kamba ya simu za zamani msokoto umezidi, vuta sufu zaidi uugawe. Mchanganyiko wa hariri ama angora unataka msokoto mwingi kuliko sufu tupu juu nyuzi zake hazina kitu cha kushikana. Ukikuta bonge, shika pande mbili za bonge, fungua msokoto kidogo kwa vidole, vuta taratibu, litaisha. Shosho jirani yetu alinionyesha hiyo na ilinipunguzia nusu ya shida zangu.

Nyuzi mbili zikijaa, ziache zilale usiku mmoja kisha zisokote pamoja kuelekea kushoto, yaani kinyume cha mwanzo. Ukikosea ukaenda kulia tena utapata waya. Hapa ndio uamuzi wa rangi unarudi. Uzi mmoja mwekundu na mmoja mweupe utatoa mistari kama ya pipi. Kama uzi wako una rangi zinazobadilika kipande kwa kipande na unataka kila rangi ibaki peke yake, tumia uzi mmoja tu na ufanye vitanzi virefu kama mnyororo wa kroshea huku unasokota, kila kitanzi kinakuwa nyuzi tatu na rangi hazichanganyikani. Nilichukua muda kuzoea hiyo ila kwa sufu ya rangi nyingi sioni njia bora. Utajua msokoto umetosha kwa kuachia kipande kining'inie kama kitanzi, kikitulia bila kujizungusha uko sawa, kikijikunja kuelekea upande mmoja rekebisha.

Zungushia uzi wote kwenye mgongo wa kiti, hesabu mizunguko uzidishe na urefu wa mzunguko mmoja ndio ujue una meta ngapi, funga sehemu nne kwa uzi wa pamba mlegevu. Loweka kwa maji ya vuguvugu dakika 20 bila kusugua, kama maji yanatoka rangi tia siki kidogo na suuza mpaka yatoke meupe. Kamua ndani ya taulo, piga piga ukutani mara tatu nne, anika kivulini bila kutundikia uzito, uzi utafura na mistari itatulia. Alafu fuma kipande cha mraba wa sentimita 10 kabla hujaanza sweta, kioshe nacho, kipime, maana uzi wa mkono ukioshwa huwa unabadilika, na kwenye kipande hicho funga karatasi umeandika gramu ngapi za kila rangi, ulichana mara ngapi na umetumia sufu gani, siku utakapopungukiwa na uzi ukiwa umebakisha mkono mmoja wa sweta utaitafuta hiyo karatasi nyumba nzima.