Kukadiria chakula cha ndege wa bahari kwa asidi za mafuta

Ukichunguza matapishi ya ndege wa bahari, unaona mlo wa mwisho tu, tena ule wenye mifupa. Viumbe laini humeng'enywa upesi bila kuacha dalili. Mafuta yaliyo chini ya ngozi hutunza habari za wiki kadhaa: asidi za mafuta za mawindo huhifadhiwa humo, kwa hiyo ukizilinganisha na za kila windo unaweza kukadiria alichokula. Mbinu hii, iitwayo QFASA, ilichapishwa na Sara Iverson na wenzake mwaka 2004, na kazi yao ya mwanzo ilihusu sili.

Hatua ya 1: Kusanya mawindo. Anzia hapa, kabla hujamgusa ndege. Ndege akila samaki ambaye hukumweka kwenye maktaba yako ya mawindo, hesabu itamgawia samaki mwingine anayefanana naye, na hakuna kitakachokushtua. Chukua kila spishi inayoweza kuliwa, kwa ukubwa tofauti, kutoka maji yaleyale na msimu uleule. Msage samaki mzima pamoja na matumbo, kwa kuwa ndege humeza vyote. Pima pia asilimia ya mafuta ya kila spishi, utaihitaji mwishoni.

Hatua ya 2: Chukua mafuta ya ndege. Kwa kibali na mkono uliofunzwa, kipande kidogo sana kutoka chini ya ngozi kinatosha, na ndege huachiwa akiwa hai. Kiweke katika chupa ya kioo yenye klorofomu na BHT (kemikali inayozuia mafuta yasiharibiwe na oksijeni) ya asilimia 0.01, kisha kwenye baridi kali. Usitumie plastiki, kwani klorofomu huiyeyusha. Oksijeni huanza kuharibu asidi kama 20:5n-3 na 22:6n-3 (namba ya kwanza ni idadi ya kaboni, ya pili ni ya viungo maradufu, na n- huonyesha mahali kiungo maradufu cha kwanza kilipo), ambazo ndizo zenye habari nyingi.

Hatua ya 3: Maabara. Toa mafuta kwa klorofomu na methanoli (2:1), yageuze kuwa esta za methili, yaani umbo linalogeuka mvuke kwa urahisi, kisha yapitishe kwenye kromatografia ya gesi, kifaa kinachotenganisha asidi na kuonyesha kila moja kama kilele kwenye grafu. Kagua kila kilele kwa macho yako. Programu hukosea majina ya vilele vilivyobanana.

Hatua ya 4: Chagua asidi. Ondoa zenye kaboni chini ya 14, kwa kuwa zikiliwa huchomwa badala ya kuhifadhiwa. Baki na zile zinazotoka kwenye chakula, mfano 22:1n-11, ambayo asili yake ni kopepodi (viumbe wadogo wa baharini wa jamii ya kamba) wa jenasi Calanus.

Hatua ya 5: Vigezo vya urekebishaji. Ndege hahifadhi asidi zote kwa uwiano uleule alioula. Vigezo hupatikana kwa kulisha ndege waliofugwa chakula kimoja kinachojulikana, kisha kugawanya kiwango cha kila asidi mwilini kwa kiwango chake chakulani. Tumia vya ndege wa jamii iliyo karibu na wako. Vya sili usivikopeshe kwa ndege.

Hatua ya 6: Hesabu. Kifurushi cha QFASA katika R, programu ya takwimu, hutafuta mchanganyiko wa mawindo unaokaribia zaidi mafuta ya ndege. Jibu lake ni mgawo wa mafuta, si wa uzito. Tuseme limetoa nusu kwa nusu kati ya samaki mwenye mafuta asilimia 10 na mwenye asilimia 2. Gawanya kila mgawo kwa asilimia ya mafuta ya samaki wake: 50 kwa 10 ni 5, 50 kwa 2 ni 25. Kwa uzito, samaki mwenye mafuta machache ndiye asilimia 83 ya chakula. Wengi huishia kabla ya hapa na kutangaza kinyume.

Hatua ya 7: Jipime. Tunga ndege wa kubuni kutoka maktaba yako, wenye mlo unaoujua, uwapitishe kwenye hesabu ileile. Spishi ambazo hesabu hushindwa kuzitofautisha kila mara ziunganishe ziwe kundi moja, kisha rudia hesabu ya ndege wako halisi.