Poti Baada ya Matibabu ya Saratani ya Titi: Jinsi ya Kuamua Wakati wa Kuitoa

Mwanamke aliyemaliza dripu za saratani ya titi mara nyingi hubaki na kifaa kidogo chini ya mtulinga, kwa kawaida upande ambao haukuwa na ugonjwa. Wauguzi hukiita poti. Ni kikopo cha titani au plastiki chenye kifuniko cha silikoni, kilichounganishwa na mrija mwembamba unaopita ndani ya mshipa mkubwa hadi karibu na moyo, ili dawa za dripu zipitie humo. Hakuna tarehe moja ya kukitoa inayomfaa kila mgonjwa, lakini yako maswali ambayo, yakijibiwa vizuri, huufanya uamuzi kuwa mwepesi.

Swali la kwanza ni kama imebaki dawa yoyote ya kupita kwenye mshipa. Usiridhike na kuambiwa kwamba kemo, yaani dawa kali za kuua seli za saratani, imekwisha, kwa kuwa kemo ni sehemu tu ya mpango wa matibabu. Mgonjwa ambaye uvimbe wake ulikuwa na HER2 nyingi, yaani protini inayochochea saratani kukua, kwa kawaida huendelea na dawa ya trastuzumab kila baada ya wiki 3 mpaka atimize mwaka mmoja, isipokuwa akipewa ile inayodungwa chini ya ngozi ya paja, ambayo haihitaji poti. Mwenye saratani isiyo na vipokezi vya homoni (sehemu za seli zinazonasa homoni) wala HER2, ikiwa alianzishiwa dawa ya pembrolizumab kabla ya upasuaji, huwa na dozi nyingine 9 baada ya upasuaji. Kwa upande mwingine, vidonge vya kuzuia homoni, yaani tamoxifen, letrozole au anastrozole, havihusiani na poti hata vikimezwa kwa miaka 5 au 10, na sindano ya goserelin, ambayo nayo ni ya kupunguza homoni, hudungwa chini ya ngozi ya tumbo. Dawa ya kuimarisha mifupa, zoledronic acid, hupita kwenye mshipa, lakini hutolewa kila baada ya miezi 6. Kwa maoni yangu, kama mishipa ya mkono wako bado inaonekana na kudungika, dripu 2 kwa mwaka si sababu ya kutosha ya kubaki na poti. Mwombe daktari wako akuandikie kwenye karatasi kila dawa iliyobaki, njia inayopita na tarehe ya dozi ya mwisho.

Wanawake wengi waliotangulizwa kemo huomba poti itolewe siku ileile ya upasuaji wa titi, ili wasilipie chumba cha upasuaji mara 2. Ombi hilo linaeleweka, lakini lina hatari yake. Nyama iliyokatwa hupelekwa maabara, na majibu huja baada ya siku au wiki kadhaa. Yakionyesha kwamba saratani haikuisha yote kwa kemo, mpango unaweza kubadilika: mwenye HER2 anaweza kuhamishiwa trastuzumab emtansine, ambayo hutolewa kwa dozi 14 kwenye mshipa. Ikiwa poti ilitolewa wiki 2 kabla ya majibu hayo, huenda ikabidi upandikizwe nyingine. Ni afadhali kusubiri majibu ya maabara, kisha, kama kuna upasuaji mwingine uliopangwa, kwa mfano wa kurekebisha titi, uombe vyote vifanyike pamoja.

Swali la pili ni zito zaidi, nalo ni hofu ya ugonjwa kurudi. Wapo wanaoiacha poti kwa sababu wanahisi kwamba kuitoa ni kujitabiria mabaya, na wapo wanaotaka itoke kesho yake kwa sababu kila wakiigusa wanakumbuka kitanda cha dripu. Hisia zote mbili ni halali na daktari anapaswa kuzisikiliza, ila ijulikane kwamba poti haizuii saratani kurudi na kutolewa kwake hakuiiti. Aina ya saratani isiyo na vipokezi, ikirudi, mara nyingi hurudi ndani ya miaka michache ya mwanzo, kwa hiyo baadhi ya madaktari hushauri kusubiri kidogo, hasa kwa mgonjwa ambaye mishipa yake ni migumu kupatikana. Saratani inayotegemea homoni, hata hivyo, inaweza kurudi baada ya miaka 10 au zaidi. Anayesubiri hatari iishe kabisa atasubiri bila kikomo. Kwa mgonjwa ambaye ugonjwa umesambaa na matibabu yanaendelea, poti hubaki maadamu inafanya kazi.

Swali la tatu ndilo linalosahaulika kuliko yote, na kwa wasomaji wa Tanzania na Kenya naliona kuwa ndilo la kuamua: je, huko unakoishi yupo wa kuitunza? Poti isiyotumika lazima isafishwe kwa maji ya chumvi, na baadhi ya vituo huongeza heparini, dawa ya kuzuia damu kuganda, ili mrija usizibe. Vituo vingi vilizoea kufanya hivyo kila baada ya wiki 4, na siku hizi vingine hukubali hadi miezi 3. Muuguzi aliyefunzwa huvaa glavu zisizo na vijidudu, hushika kingo za poti kwa vidole, huingiza sindano maalumu iliyopinda mpaka iguse sakafu ya kikopo, huvuta kidogo kuona kama damu inarudi, kisha husukuma maji kwa vipindi vifupi. Bomba la sindano analotumia haliwi dogo kuliko mililita 10, kwa kuwa bomba dogo hutoa shinikizo kubwa linaloweza kupasua mrija. Sindano ya kawaida nayo hutoboa silikoni vibaya, na poti ikaanza kuvuja.

Mama aliyetibiwa India akarudi Songea au Lodwar na poti kifuani anaweza kukuta kwamba hospitali ya karibu haina sindano hiyo wala mtu aliyewahi kuitumia. Kama kila usafishaji unamaanisha safari ya kwenda Dar es Salaam au Nairobi, na hakuna dawa ya mshipa iliyobaki, sababu za kuitoa ni nyingi kuliko za kuiacha. Nauli hizo zihesabiwe waziwazi mbele ya daktari, maana asipoambiwa hatajua.

Yapo mambo yasiyongoja maswali haya. Homa au kutetemeka baada ya poti kutumika, usaha au wekundu juu yake, ngozi inayokonda hadi kifaa kuanza kuonekana, pamoja na uvimbe wa ghafla wa shingo, uso au mkono, ni sababu ya kwenda hospitali siku hiyohiyo. Damu iliyoganda kwenye mshipa si lazima iondoe poti, kwani mara nyingine hutibiwa kwa dawa nayo ikaendelea kutumika, lakini uamuzi huo si wa kufanyia nyumbani.

Mkishakubaliana kuitoa, uliza kama chembe nyeupe za damu, zinazopigana na maambukizi, na chembe sahani, zinazosaidia damu kuganda, zimepanda vya kutosha tangu dozi ya mwisho. Taja dawa zote unazotumia, hasa za kuzuia damu kuganda, na usiziache kwa uamuzi wako. Uliza gharama nzima, pamoja na chumba, daktari na dawa, na kama bima inahitaji kutoa idhini kwanza. Chukua kadi ya poti uliyopewa ilipowekwa.

Kazi yenyewe kwa kawaida huchukua chini ya saa moja, kwa ganzi ya eneo hilo tu. Daktari hupasua juu ya kovu la zamani, huachanisha poti na utando ulioizunguka, huvuta mrija taratibu na kubana mahali ulipoingilia mshipani kwa dakika kadhaa kabla ya kushona. Utahisi kuvutwa, lakini hupaswi kuhisi maumivu makali. Ukiyahisi, sema, uongezewe ganzi. Omba uhakikishiwe kwamba mrija umetoka mzima, na jambo hilo liandikwe kwenye faili lako. Kwa siku kadhaa usinyanyue ndoo ya maji wala mtoto kwa mkono wa upande huo, weka kidonda kikavu kama ulivyoelekezwa, na uulize kama nyuzi zinayeyuka zenyewe au unapaswa kurudi zitolewe.